Kibarua Mwenye Tai: Namna ya Kuizidi Benki Ujanja

Sogea karibu nikunong'oneze. Kila asubuhi unapanda matatu shati likiwa limepigwa pasi, unashuka Upper Hill au Moi Avenue jijini Nairobi, unaingia jengo la vioo, unaketi kwenye kiti cha benki, unafungua kompyuta ya benki na kuwahudumia wateja wa benki. Mwisho wa mwezi unalipwa na kampuni ambayo hujui hata mlango wa ofisi yake uko mtaa gani. Mkataba wako ni wa miezi 3. Uliopita ulikuwa wa miezi 3. Ujao, ukija, utakuwa wa miezi 3.

Benki kubwa inaucheza mchezo huu kwa utulivu, ikiwa na mawakili wazuri nyuma yake. Nataka na wewe uucheze. Hutavunja sheria, hutaiba hata kalamu, wala hutagombana na mtu. Utaiga tu jambo ambalo benki hulifanya vizuri kuliko sote: kuweka karatasi. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ujana wako ni mali, nami sitaki uishie kaunta bila habari.

Hatua ya 1: Furahia tai

Usiione haya raha yake. Mlinzi anakufungulia mlango, mama mwenye nyumba anakusalimu kwanza, na kijijini umeshakuwa "yule wetu wa benki". Ni raha halali, ifaidi. Ila fahamu kwamba benki nayo inajua unaipenda, na imeitia kwenye hesabu zake. Mwenzako wa kaunta ya pili, anayefanya kazi ileile kwa saa zilezile, ana bima ya matibabu ya familia nzima, ana mkopo wa nyumba kwa riba nafuu ya wafanyakazi, na anawekewa akiba ya uzeeni. Wewe una tai. Sehemu ya ujira wako unalipwa kwa heshima, na heshima haipokelewi dukani.

Kwa hivyo ringa, lakini ringa kwa awamu za miezi 3. Usichukue gari kwa mkopo wa miezi 36 ukitegemea mkataba wa siku 90. Usimwahidi mdogo wako karo ya miaka 4 ya chuo. Mwambie mama ukweli, yeye peke yake, na umwombe asiutangaze kanisani.

Hatua ya 2: Pita mlangoni bila kulipa

Kama bado unatafuta, anzia hapa. Utaombwa cheti cha tabia njema cha polisi, KSh 1,050 kupitia eCitizen pamoja na safari ya kupigwa alama za vidole. Utaombwa cheti cha kodi kutoka KRA, cheti cha bodi ya mikopo ya wanafunzi, HELB, na ripoti ya shirika la taarifa za mikopo, CRB, ya kuonyesha kwamba hujashindwa kulipa madeni. Umeshatumia pesa za chakula cha wiki nzima, na bado hujaitwa hata kwenye mahojiano.

Hili la CRB linaniuma. Kijana amesoma kwa mkopo wa HELB, amekaa nyumbani bila kazi, deni limezaa, jina limepelekwa CRB, na sasa ananyimwa kazi ambayo ingelipa deni lilelile. Usingoje wakukatalie. Nenda HELB kabla ya kutuma maombi, mkubaliane kiasi kidogo cha kila mwezi, lipa awamu ya kwanza hata ikibidi kumwomba shangazi, kisha uombe cheti kinachoonyesha kwamba unalipa. Mtu wa benki anamwogopa mdaiwa aliyejificha. Mdaiwa mwenye ratiba ya malipo ni mteja anayemfahamu.

Atakuja mtu akwambie ana nafasi 2 za keshia, na kwamba kuna "kitu kidogo cha wakubwa". Mwitikie kwa heshima, mwambie akutumie tangazo na jina la kampuni, halafu usimpe hata senti. Wakala halali wa ajira amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na hati yake ya usajili inaonyesheka. Akikasirika ukiiomba, umeshapata jibu lako. Na vyeti vyako vya asili visilale kwake hata usiku mmoja. Mwachie nakala.

Siku ya mahojiano, jopo litakuuliza unajiona wapi baada ya miaka 5. Wajibu vizuri, kwa kuwa wanapenda kusikia kwamba unajiona pale walipoketi wao. Kisha wakikuuliza kama una swali, uliza haya matatu kwa sauti laini: Nani ndiye mwajiri wangu? Nani ataidhinisha likizo yangu? Nani ana mamlaka ya kunisimamisha kazi? Majibu yakitaja kampuni mbili tofauti, yaandike jioni ileile, pamoja na tarehe.

Hatua ya 3: Usitie sahihi ukiwa umesimama

Barua ya kazi ina tabia ya kuletwa saa kumi na moja jioni, kalamu ikiwa imeshafunguliwa. Sema hivi: "Madam, naomba nikaisome usiku, nikuletee kesho saa mbili asubuhi." Yaseme kwa tabasamu la mtu anayependa utaratibu. Benki haiwezi kumchukia anayesoma kabla ya kutia sahihi, maana ndivyo inavyowaambia wateja wake wafanye kila siku.

Nyumbani, washa taa na utafute kwenye barua hiyo mambo manne: jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, cheo chako, na mahali pa kazi. Halafu tafuta la tano, ambalo mara nyingi limejificha ukurasa wa mwisho: nani anakupa maagizo ya kila siku. Kama barua inasema mwajiri ni wakala, lakini meneja wa tawi ndiye anayekupangia zamu, anayekukaripia na anayekupima kazi, pigia mstari. Siku mambo yakiharibika, kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole, na mstari huo utasaidia kumjua mwenye kidole cha kweli.

Sasa sikiliza sheria kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema kibarua huyo akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi 1, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi 3, ajira yake inageuka kuwa ya kulipwa kwa mwezi. Akitimiza miezi 2 mfululizo, anastahili masharti yale ambayo sheria ingempa kama asingeanza kama kibarua. Kifungu hiki ni cha yule ndugu anayepanga mafaili stoo, anayebeba makaratasi kati ya matawi, anayefagia ukumbi kabla ya saa mbili. Kama ni wewe, weka daftari la siku ulizofanya kazi, na usikubali mwezi upite bila kuandika.

Kaunta ni mambo mengine. Benki inakijua kifungu cha 37 kuliko wewe, ndiyo maana haimpangi kibarua wa siku kwenye droo ya pesa. Inampanga mtu wa mkataba wenye tarehe ya mwisho. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2017 kwamba mkataba wa namna hiyo hufika mwisho wake wenyewe, na kwamba kutamani uongezwe hakukupi haki ya kuongezewa. Nakwambia hili mapema kwa sababu nimewaona vijana werevu wakitembea wakiamini kwamba wakifikisha miaka 2 watakuwa wa kudumu moja kwa moja. Hakuna moja kwa moja. Kinachoweza kukusaidia ni mwajiri mwenyewe kuwa amekupa msingi wa kutarajia, kwa ahadi au kwa mwenendo wake. Na ahadi, rafiki yangu, hutolewa kwenye korido, ambako hakuna karatasi. Tutafika huko.

Angalia pia makato. Ukiona unakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, badala ya kodi ya kawaida ya mshahara, NSSF, bima ya afya ya jamii na tozo ya nyumba, umeandikwa kuwa "mshauri" au ajenti wa kujitegemea. Mshauri gani anayeomba ruhusa ya kwenda msalani? Ingia kwenye akaunti yako ya NSSF kila baada ya miezi 2 uone ni nani analeta michango, na kama inafika. Mwaka ukiisha, dai fomu ya P9, ile ya kodi ya mshahara wako wa mwaka. Jina la mwajiri lililoko pale limeandikwa na mwajiri mwenyewe, na limepelekwa KRA.

Na kama hukupewa barua kabisa? Usihuzunike sana. Sheria inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na kazi ya kuuandaa ni ya mwajiri. Shauri likifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo ya ajira, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Uzembe wake umekuwa karatasi yako.

Hatua ya 4: Droo ikipungua, ijaze karatasi kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wazuri huumizwa.

Ni Ijumaa, mwisho wa mwezi. Foleni imefika mlangoni tangu asubuhi. Saa kumi na nusu unafunga hesabu na droo yako imepungua KSh 5,000. Unahesabu tena. Unapekua karatasi za amana moja moja, unaangalia chini ya kibodi, unafungua kila kifungu cha noti za elfu moja na kukihesabu kwa mkono. Bado 5,000. Msimamizi anakuja nyuma yako, anainama, anasema kwa sauti ya huruma: "Jaza tu tufunge. Tukiiandika itakuharibia mkataba."

Huruma hiyo ina gharama kubwa. Ukijaza kimya kimya, umekiri kosa ambalo hakuna aliyelichunguza, umelipa, na hakuna alama yoyote kwamba umelipa. Mwezi ujao itapungua 3,000 na utajaza tena, kwa sababu umeshakuwa mtu anayejaza. Kuna makeshia wa muda wanaokopa kwa simu saa kumi na moja jioni ili wafunge droo ya benki yenye mabilioni. Inanikera hadi usingizi unapaa.

Fanya hivi. Mwambie, "Sawa bosi, tuiandike kwanza, kisha tuone." Jaza fomu ya upungufu, iwe na saa, kiasi na sahihi za watu 2. Omba kamera ya kaunta iangaliwe. Muulize ni nani mwingine aliyeifungua droo ulipokwenda kula. Kisha rudi kwenye mkataba wako. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinamruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa pale tu ulipotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, tena mfanyakazi ambaye mkataba wake umeeleza waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Soma tena cheo chako. Kama kimeandikwa "msaidizi wa huduma kwa wateja", kwa sababu mtu fulani hakutaka kukulipa kama keshia, basi ubahili wao umewafungia mlango wa makato. Na hata makato yawe halali namna gani, yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi thuluthi 2 za mshahara. Lazima ubakiwe na thuluthi 1.

Wakikuita kwa tuhuma, usiingie chumbani peke yako. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe. Mchague mapema, wakati wa amani, na uwe unamnunulia chai.

Hatua ya 5: Yapende mapengo

Mkataba wako unakwisha tarehe 31 Machi. Mpya unaanza tarehe 7 Aprili. Siku hizo za katikati hazikuwekwa kwa bahati mbaya, wala si ukarimu wa kukupumzisha. Pengo limewekwa ili siku moja mtu aseme huduma yako haikuwa mfululizo.

Lakini benki haiwezi kuishi bila wewe hizo siku, na hapo ndipo furaha yangu inapoanza. Tarehe 1 Aprili jioni unapata ujumbe: "Kuja kesho saa moja na nusu, tuko watu wawili tu kaunta. Karatasi itafuata." Usipige simu. Jibu kwa maandishi, kwa adabu zote: "Sawa madam, nitafika saa moja na nusu kesho tarehe 2. Mkataba mpya nitaupata lini?" Akijibu lolote, hata kidole gumba, amekuandikia ushahidi. Nenda, fanya kazi vizuri, guza kadi mlangoni, tia sahihi kwenye kitabu cha mahudhurio. Jioni piga picha ya ujumbe huo na uitume kwenye barua pepe yako binafsi, maana ile ya kazini itafungwa siku utakayoihitaji.

Zile ahadi za korido nazo zitibu hivyohivyo. Meneja wa tawi amekushika bega na kukwambia, "Vumilia tu, Juni tunakuchukua kazi ya kudumu." Meneja huyo hasemi uongo, anapenda kuonekana mtu wa kutoa vitu vizuri, na wakati ule anaamini. Msaidie kubaki mkweli. Usiku mwandikie: "Asante sana bosi kwa maneno yako ya leo kuhusu nafasi ya kudumu mwezi Juni. Yamenitia moyo, nitaongeza bidii." Shukrani haijawahi kumkera meneja yeyote. Na sasa korido imekuwa na tarehe.

Onyo moja, na hili silitanii. Unachoweka nakala ni karatasi zako: barua, ratiba za zamu, ujumbe, hati za mshahara, tathmini zako za kazi. Usipige picha ya skrini yenye jina la mteja, akaunti wala salio lake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina mzaha, na benki iliyokosa sababu ya kukufukuza itakushukuru kwa kuipa moja. Zaidi ya hayo, mteja yule hana ugomvi na wewe. Ni mama wa mboga aliyekuja kuweka alichouza.

Hatua ya 6: Tageti isile ukoo wako

Hii ni ya nyinyi mliovalishwa fulana ya benki na kuwekwa juani chini ya mwavuli, mkiuza akaunti na mikopo kwa kamisheni. Wiki ya kwanza ni rahisi: unamfungulia akaunti mama, baba, shangazi, na kinyozi wako. Wiki ya tatu ukoo umekwisha. Ya tano unaanza kutia KSh 500 zako kwenye akaunti za watu ili zihesabike kuwa hai. Simama hapo. Ukifika mahali unailipa benki ili ikuite mfanyakazi wake, kosa tageti kwa kichwa kilichoinuka. Iandike siku uliyoikosa, ni nani aliyeipanga, na kwa saa ngapi za jua. Ajenti wa kujitegemea hapangiwi saa ya kuripoti wala kituo cha kusimama. Kama wewe unapangiwa vyote viwili, hifadhi hizo ratiba, kwa sababu swali la nani ni mfanyakazi na nani siye mara nyingi huamuliwa kwa kuangalia ni nani aliyekuwa akitoa amri.

Hatua ya 7: Dai siku 5 na robo

Wamekwambia mtu wa miezi 3 hana likizo. Sheria inatoa siku zisizopungua 21 za kazi kwa kila miezi 12. Ajira ikikatika kabla ya mwaka lakini baada ya miezi 2 au zaidi, unadai siku 1 na robo tatu kwa kila mwezi uliokamilika. Zidisha kwa 3, unapata siku 5 na robo. Ni kidogo, na wengi huziacha kwa kuona aibu. Usiziache. Mikataba 8 ni siku 42, na hizo ni zaidi ya wiki nane za kazi za siku 5 ambazo ama ulipumzika, ama ulilipwa, ama uliibiwa. Omba kwa maandishi kila mara. Wakikataa, kukataa kwao nako kuwe kwa maandishi.

Hatua ya 8: Tafuta mkubwa wa kusimama nyuma yake

Katiba ya 2010, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa haki kazini na haki ya kujiunga na chama. Imesema kila mfanyakazi. Haikuongeza neno "wa kudumu". Makarani wa benki wana chama chao, BIFU, na makubaliano ya pamoja kati ya chama na waajiri husajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Pata nakala. Isome jioni moja kwa utulivu, uone karani anayefanya kazi unayoifanya anatakiwa alipwe kiasi gani, kisha uweke hati yako ya mshahara pembeni yake. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Hapo ndipo utaelewa kwa nini wakala alitafutwa. Mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Wrigley, mahakama ya kazi ilieleza kwamba mwajiri anaweza kukodi huduma kutoka nje, lakini ukodishaji huo usiwe njia ya kukimbia majukumu yake kwa wafanyakazi. Huo ndio mlango wa hoja yako, na mtu mmoja hapiti hapo peke yake. Nendeni wengi.

Tena ukae karibu na wa kudumu mmoja mwenye moyo mzuri. Nafasi za kudumu hutangazwa ndani kwanza, kwenye barua pepe ambazo wewe hutumiwi kwa kuwa si "wa ndani", ingawa umeketi ndani kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwombe akutumie. Wengi watakubali, kwa sababu wanaona, na wanaona haya.

Ukichukuliwa, watakuweka kwenye kipindi cha majaribio kana kwamba jana walikuwa hawakujui. Kisizidi miezi 6, na nyongeza yake, kwa kukubali kwako, isizidi miezi 6 mingine. Mwaka 2021 jopo la majaji 3 wa mahakama ya kazi lilisema hata mtu wa majaribio anastahili kusikilizwa kabla ya kuondolewa. Kumbuka hilo, kisha uende ukasherehekee.

Hatua ya 9: Ondoka kwa madaha

Akufukuzaye hakwambii toka. Utaona jina lako halipo kwenye ratiba ya wiki ijayo. Nywila yako itakataa asubuhi moja. Utatolewa kwenye kundi la WhatsApp la tawi, na mtu wa HR hatapokea simu. Wakala atasema aulizwe meneja wa benki, na meneja atasema aulizwe wakala.

Usilie kantini. Usimtukane mtu kwenye lifti. Funga tai vizuri kuliko siku zote na uende kwa wakala ukiwa na barua moja yenye madai 5: mshahara wa siku ulizofanya hadi ya mwisho, likizo ambayo hukuchukua, michango yoyote ya NSSF ambayo haikufika, fomu ya P9, na cheti cha utumishi. Hicho cha mwisho si hisani yao. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimisha mwajiri kukitoa kwa kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi, kikiwa na jina lake na anwani, jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyofanya na mahali ulipoifanyia, na siku uliyomaliza. Hakikisha mahali pa kazi pameandikwa benki yenyewe na tawi lenyewe. Nakala ya barua ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa muhuri, itume kwa barua pepe ukiwa umesimama palepale mapokezi, ili wasikie simu zao zikilia.

Halafu fungua bahasha yako ya miaka yote, uipange kwa tarehe, na upeleke kwa afisa wa leba, kwa chama, au kwa wakili anayekubali kukusikiliza kwanza kabla ya kutaja ada. Una miaka 3 ya kufungua shauri, ikihesabiwa tangu haki yako ilipovunjwa. Wanaokuwekea pengo la wiki moja kwenye mkataba wanategemea kwamba na wewe utaweka pengo lako, la kungoja simu yao hadi muda upite. Chukua kalenda ya ukutani leo jioni, andika siku ile kadi yako ilipokataa kufungua mlango, kisha hesabu kwenda mbele.